Boksi la Kadi Kubwa

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Kadi ya picha ya kompyuta yangu imekufa. Nilikuwa kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio, nashika nafasi ya tatu, gari langu likageuka mistari ya kijani, kisha skrini nzima ikawa nyeusi. Harufu ya plastiki iliyoungua. Nilizima, nikawasha, nikapuliza vumbi, nikaomba dua. Wapi.

Niandike kwa ajili ya kumbukumbu: bila kadi ya picha, kompyuta yangu ni ya kuandikia barua, na sina wa kumwandikia. Mbio za magari ndiyo burudani yangu pekee. Wiki nzima niko kwenye karakana ya miwani, nasaga lenzi, nahangaikia macho ya watu. Jumamosi nataka kutumia ya kwangu.

Nilimwambia mke wangu. Akauliza kama ni kitu cha kutibu au cha kuzika. Yeye ni muuguzi, hupenda kujua mapema. Nikasema cha kuzika. Akaniruhusu kununua nyingine kwa masharti: iwe ile ya bei nafuu, itoke kwenye hela yangu ya mfukoni, na bahasha ya paa isiguswe. Bahasha ya paa iko kwenye droo ya kabati, upande wake. Paa la jikoni linavuja pembe mbili na fundi wa mabati ameshaitwa. Nikasema mimi hata sijui bahasha hiyo inakaa wapi. Akasema vizuri, niendelee kutojua.

Nimepumua. Nilitegemea kesi kubwa zaidi.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Shemeji kapiga simu. Huyu ni kaka yake mke wangu, msimamizi wa duka la vigae. Kila wikiendi tunashindana kwenye mtandao, kila mtu nyumbani kwake. Mwezi uliopita alinunua kadi kubwa kuliko zote, ile ambayo wachezaji wanaiita Baba Lao. Feni tatu, uzito wa pasi ya mkaa. Tangu hapo anaongea kama mtu aliyenunua ndege.

Jambo la ajabu ni kwamba tangu ainunue hajanishinda hata mara moja. Analaumu mtandao. Mimi naamini ni kipaji changu kimekomaa.

Nilimweleza msiba wangu, akanipa pole. Kisha akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba hata hizi kadi za bei nafuu zina raha yake, si lazima mtu aone kila jani la mti.

Si lazima mtu aone kila jani. Ananiambia mimi, ninayelipwa ili watu waone majani.

Nikamwambia nimeshaagiza Baba Lao. Sijui maneno yalitoka wapi, ila mdomo ulikuwa wangu. Akasema, "Hongera sana, shemeji. Ikifika nitumie picha."

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa kompyuta. Duka lake liko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Ni mwanamke wa maneno machache, anavaa lenzi nilizosaga mimi mwenyewe, kwa hiyo nilitegemea heshima.

Nilimwomba aziweke kadi mbili mezani, ndogo na kubwa. Kabla hajaziweka aliniuliza skrini yangu ina ukubwa gani, kasha la kompyuta lina urefu gani, na pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme humo ndani, ina nguvu kiasi gani. Nikajibu. Akasema kumfungia Baba Lao kwenye mashine yangu ni sawa na kumvika mtoto wa chekechea mabuti ya askari. Kwanza haingii, inazidi kasha kwa vidole vinne. Pili ikiingia itataka umeme ambao haupo. Tatu, kwa skrini yangu, hiyo ndogo itaonyesha kila kitu na macho yangu hayatajua tofauti.

Nikauliza kama kubwa ikisukumwa kwa nguvu haiwezi kuingia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nimenunua ndogo. Inaenea kiganjani. Niliifunga kwa bisibisi yangu ya fremu kwa dakika kumi na ikafanya kazi mara moja. Lami inang'aa, vioo vya magari vinaakisi mawingu. Nilikaa pale nikijisikia kama mtu aliyeshushwa gunia mgongoni. Ningeishia hapo, shajara hii ingekuwa fupi na ya kupendeza.

Ila wakati natoka dukani niliona rafuni boksi tupu la Baba Lao, la maonyesho. Nikaliomba. Fundi akauliza la nini. Nikasema kumbukumbu. Akanipa, kwa sharti nilirudishe.

Nimeliweka sebuleni kando ya televisheni, uso mbele. Nikapiga picha. Nikamtumia shemeji. Shemeji peke yake.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Shemeji ameituma picha kwenye kundi la familia. Alitaka kunipongeza hadharani. Watu thelathini na mmoja. Mama mkwe ameuliza kama ni jiko la umeme, na kama linapika haraka.

Mke wangu pia yumo kwenye kundi.

Nilimsubiri nikiwa nimeandaa ukweli wote. Nilikuwa tayari, naapa. Lakini mlango ulipofunguliwa waliingia wawili. Shemeji alikuwa amempa lifti kwa pikipiki yake. Akasimama mlangoni na kofia yake ngumu mkononi, akilitazama boksi kama mtu anayetazama mtoto mchanga wa wenzake.

"Ndiyo hiyo?" mke wangu aliuliza.

Nilimtazama yeye. Nikamtazama kaka yake.

"Ndiyo," nikasema.

Shemeji aliomba kuiona ikifanya kazi. Nikasema kadi mpya lazima ipumzike siku moja. Akakubali haraka mno, akaondoka.

Tulipobaki wawili nilimwambia mke wangu afungue droo aangalie bahasha. Ingetosha. Bahasha ipo, haijaguswa, angeiona kwa macho yake. Akakataa. Alisema, taratibu kabisa, "Sifungui. Nikifungua nikakuta haipo, nitasema maneno ambayo siwezi kuyarudisha. Ngoja kwanza nipoe."

Nilifungua mdomo nimweleze. Kisha nikakumbuka kwamba yeye na kaka yake huongea kwenye simu kila asubuhi akisubiri chai ichemke. Hawana siri. Kabla ya saa mbili kesho shemeji angejua kila kitu, na kuanzia hapo hadi uzeeni ningekuwa mtu wa boksi tupu.

Nikaufunga mdomo. Nimeandika hili kwa aibu, lakini nimeliandika.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Siku mbili za "chumvi iko wapi" na "funga dirisha". Leo asubuhi amesema sentensi ndefu. Amesema kadi iuzwe. Amesema hataki kujua nilitoa wapi hela, anachotaka ni fundi wa mabati akija Jumatatu akute bahasha kwenye droo. Na amesema, kwa uso wa mtu anayeleta habari njema, kwamba mnunuzi amepatikana.

Ni kaka yake. Atainunua kwa bei ya dukani na anakuja Jumamosi asubuhi.

Nikauliza mtu mwenye Baba Lao anataka Baba Lao wa pili wa nini. Akasema shemeji kamwambia ni kwa ajili ya rafiki yake.

Kwa hiyo naombwa kuuza kitu nisichokuwa nacho, ili kurudisha hela nisiyoitumia, kwenye bahasha nisiyoigusa. Kazini nimesaga lenzi ya jicho la kulia kwa vipimo vya jicho la kushoto. Bahati nzuri mteja alikuwa hajafika. Bosi alinitazama tu.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Nilirudi kwa fundi. Nilimwomba, shemeji akimpigia, aseme kadi yangu iko kwake kwa matengenezo ya muda mrefu. Akasema yeye husema kilichopo, na kilichopo ni kadi ndogo inayofanya kazi vizuri. Kisha akaniambia nikamwambie mke wangu ukweli. "Ni maneno matano tu," alisema. Niliyahesabu ngazini nikishuka. Ni boksi tupu, mke wangu. Matano kweli. Sikuwahi kuona maneno matano mazito kiasi hicho.

Kwa hiyo nimebuni mpango wangu mwenyewe. Karakanani tuna kreti la lenzi zilizoharibika, za kioo, zinasubiri kutupwa. Nimezifunga kwenye magazeti, nikazipanga ndani ya boksi, nikapima kwenye mizani mpaka uzito ukalingana na ule ulioandikwa ubavuni. Nikaziba kwa gundi ya karatasi. Kazi safi. Kesho nitamwambia shemeji asifungue hadi Jumatatu, kadi izoee joto la nyumba yake. Hela zake nitazificha, sitatumia hata senti. Jumatatu fundi wa mabati atalipwa kutoka kwenye bahasha, mke wangu atatulia, nami nitamrudishia shemeji hela zake na maelezo.

Maelezo bado sijayapata. Lakini hakuna anayeibiwa. Nimelisoma hili mara mbili na bado naona hakuna anayeibiwa.

Jumamosi, tarehe 10 Mei

Nataka kuandika yote.

Shemeji alifika saa nne, kwa miguu. Hilo lilipaswa kunishtua, maana huyu mtu hata mkate haendi kununua bila pikipiki, lakini nilikuwa na yangu kichwani. Mkononi alikuwa na bahasha nene. Mke wangu amesimama kando ya kochi na sare yake, zamu yake ilikuwa ya mchana.

Nilimkabidhi boksi kwa mikono miwili. Nikamweleza habari ya joto na Jumatatu. Akalinyanyua. "Nzito kweli," alisema, na sauti yake ikakatika katikati. Kisha akaninyooshea bahasha.

Mkono wangu ulikataa. Niliuamuru, ukakataa. Nilimtazama shemeji usoni nikaona jasho, na macho mekundu ya mtu asiyelala. Nikasema, "Shemeji, hebu liweke chini kwanza."

Akadhani nimebadili nia. Akalikumbatia. Nikalishika upande wangu. Akavuta. Nikavuta. Sakafu ya boksi ikaachia.

Lenzi zilimwagika zote. Ziliingia chini ya kochi, chini ya kabati, nyuma ya televisheni. Moja ilibingirika sakafuni polepole, ikazunguka, ikalala mbele ya kiatu cha mke wangu. Akaiokota. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni ya mtu asiyeona mbali," alisema. "Kadi iko wapi?"

"Ni boksi tupu, mke wangu."

Kumbe yanatoka bila kuumiza. Nikaendelea na mengine yote: kadi ndogo, picha, mdomo wangu wa Jumapili. Nilimgeukia shemeji nikitegemea ngumi, au kicheko, ambacho kingekuwa kibaya zaidi.

Alikuwa amekaa kwenye kochi, kaweka boksi lililopasuka mapajani, kafunika uso.

"Basi nimekwisha," alisema.

Mke wangu akakaa kando yake, akamshika bega, akamuuliza ana nini. Ikatoka kidogo kidogo. Ni kweli alinunua Baba Lao. Haikuingia kwenye kasha. Akalipeleka kasha dukani kwake akalikata kwa mashine ya kukatia vigae. Vumbi la chuma likaingia kila mahali. Alipowasha, alisikia mlio mmoja mdogo, kama mtu aliyesonya, na kadi ikafa kabla haijaonyesha picha hata moja. Alikoinunua wakakataa kuipokea walipoona mikwaruzo. Tangu siku hiyo anacheza bila kadi yoyote, kwa nguvu za mashine yenyewe, na barabara inamjia vipande vipande kama mtu anamfunulia albamu. Hakumwambia mtu. Hata mkewe. Rafiki wa kununuliwa kadi hakuwepo. Na asubuhi ya leo amemuuzia jirani pikipiki yake ili anunue ya kwangu.

"Umeuza pikipiki?" mke wangu aliuliza.

"Nimeuza, dada."

Hapo nikamuuliza pawasaplai yake ni ya aina gani. Akanitajia. Ni ile ile kama yangu.

"Shemeji," nikasema, "hata ningekuwa nayo nikakuuzia, ingeungua."

"Ingeungua?"

"Leo leo."

Nikaona mabega yake yanashuka, kidogo, kisha yote. Akatoa pumzi ambayo nadhani aliishikilia mwezi mzima. Nami nikaitoa ya kwangu. Nikasema basi ukiangalia vizuri uongo wangu umemwokolea pikipiki. Mke wangu akanigeukia, nikaacha kuliangalia vizuri.

Yeye akaingia chumbani. Nilisikia droo. Nikamfuata.

Amekaa ukingoni mwa kitanda, bahasha ya paa mapajani, haijafunguliwa hata gundi. Macho yake yalikuwa na maji.

"Siku nne nakuandalia hotuba," alisema. "Kwenye wodi, nikibadilisha shuka, najisemesha. Sasa nitaipeleka wapi?"

Nikasema anaweza kuitoa, nitasikiliza. Akaanza. Alifika neno la tatu akacheka. Alicheka hadi akaegemea mto, na mimi nilisimama pale bila kujua kama naruhusiwa kucheka. Aliponishika mkono nikajua naruhusiwa. Akaniambia ameogopa. Si kwa ajili ya mabati, alisema, mabati yananunulika. Aliogopa kwamba alikuwa hanijui. Nikamwambia nisamehe. Hilo nililisema bila mpango wowote.

Sebuleni niliwasha kompyuta ili shemeji aone kadi ndogo. Nikampa usukani. Akainama mbele hadi pua ikakaribia skrini.

"Mvua inanyesha," alisema.

"Kwenye barabara hiyo inanyesha siku zote, shemeji."

"Mimi nilidhani ni vumbi."

Akaweka kiganja juu ya kasha. Baridi. Akauliza kama kweli hii ndiyo ya bei nafuu. Nikasema ndiyo hiyo. Akaendesha mizunguko miwili mizima, anatabasamu kwa vibao vya barabarani. Niliposhika usukani mimi, mke wangu akaketi nasi dakika kumi kabla ya zamu yake, akauliza mimi ni gari lipi.

Sijawahi kuwa na Jumamosi nzuri kama hii.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Mambo yote yanakwenda vizuri; nayaandika bila utaratibu maalumu.

Jirani kairudisha pikipiki na kuchukua hela zake. Alikuwa ameipanda mara moja tu, hadi sokoni, na anasema kiti kinauma.

Shemeji kamwambia mkewe. Kumbe mkewe alijua tangu wiki ya kwanza. Alikuta chembe za chuma kwenye mifuko ya suruali wakati wa kufua, akawa anasubiri mwenyewe aseme. Shemeji anasema kusamehewa na mtu aliyejua siku zote ni kama kuvua viatu vinavyobana.

Mama mkwe kauliza kundini kama jiko limeuzwa. Mke wangu kamjibu kwamba limerudishwa lilikotoka.

Fundi wa mabati alikuja asubuhi na kufikia saa tisa alikuwa amemaliza. Nilichukua ruhusa kazini, nikashika ngazi. Mke wangu alimlipa kutoka kwenye bahasha, mbele yangu, kwa makusudi. Jioni tulimwaga ndoo ya maji juu ya paa kujaribu. Tukasimama jikoni tukitazama juu. Hakuna hata tone. Tukabaki tumesimama hivyo kwa muda, bila sababu.

Boksi nimelirudisha, nimeziba chini. Fundi wa kompyuta alilitazama, akanitazama, akaliweka rafuni upande uliopasuka ukielekea ukutani. Nilikuwa nimefuatana na shemeji. Amenunua kasha jipya na kadi ndogo, pacha wa yangu. Fundi alimuuliza maswali yale yale. Shemeji hakuuliza kuhusu kusukuma kwa nguvu, na nilijivunia kwa niaba ya familia.

Nimejifunza. Mtu akiwa na amani nyumbani na picha inayotembea vizuri, ana sababu gani ya kujikweza? Nimefunga ukurasa huo.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Jana jioni tulishindana kwa mara ya kwanza, kadi kwa kadi, sawa kwa sawa. Mbio tano.

Kanishinda tano.

Hata si kwa kubanana. Mbio ya tatu alinipita mara mbili. Sasa naelewa kwamba kwa mwezi mzima nilikuwa nashindana na mtu asiyeona barabara, na hata hivyo mara mbili nilimshinda kwa bahati. Niliugulia moyoni, ila nikajituliza. Mtu mzima hushindwa na maisha yanaendelea.

Leo mchana kapiga simu. Akasema nisivunjike moyo, shemeji, si lazima kila mtu awe na kasi, wengine wanaendesha kwa ajili ya kutazama mandhari.

Nikamwambia nimeumia kidole kazini. Mashine ya kusagia lenzi. Nimesema nilicheza mbio zote tano na kidole kimoja kibovu, sikutaka tu kulalamika.

Alinipa pole nyingi za dhati. Akasema atamwambia dada yake aniangalie, yeye ndiye mtaalamu. Nilipopiga tena kumzuia, simu yake ilikuwa inatumika.

Zamu ya mke wangu inaisha saa kumi na moja. Sasa ni saa kumi na nusu. Bandeji nimepata, iko hapa mezani. Bado sijaamua ni kidole kipi.